Mgeni wa Kaskazi na Wali wa Kariakoo

Kabla sijawaambia habari ya chakula, wanangu, lazima niwaambie habari ya upepo. Huku kwetu pwani upepo ndio uliotangulia, sahani ikafuata.

Tuna pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi, ikitokea pande za Arabuni na Bara Hindi. Halafu upepo unalegea, mvua za masika zinaingia, na kuanzia Aprili kusi inashika zamu yake mpaka kwenye Oktoba. Baharia wa tanga hashindani na pepo hizi. Akitoka Maskati kuja Zanzibar au Kilwa, huja na kaskazi. Akitaka kurudi, hungoja kusi. Sasa pigeni hesabu wenyewe. Nahodha ametia nanga Januari. Tende zake zimeuzwa, chumvi yake imeuzwa, na Februari haijaisha. Upepo wa kumrudisha kwao bado. Atakwenda wapi? Atakaa, na mtu anayekaa sharti ale.

Ndege ya siku hizi humleta mgeni Jumatatu na kumwondoa Ijumaa, amekula chakula cha hotelini tu. Tanga lilimwacha mgeni mikononi mwa wenyeji kwa miezi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa mabaharia jembe lenyewe lilikuwa kazi ya ufukweni: kukipandisha chombo pwani maji yakijaa, kukikalafati kwa pamba kwenye maungio ya mbao, kukipaka deheni chini, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili minyoo ya baharini isiitoboe mbao. Jioni walikula na watu wa mji. Baadhi yao walioa hapa hapa. Mtu akiniuliza kwa nini watu wa pwani wanajua kukaribisha, simjibu kwamba tumezaliwa na roho nzuri kuliko wengine. Namwonyesha upepo uliomkalisha mgeni mpaka akawa jirani.

Ushahidi ninao, na ni wa zamani. Mwaka 1331 msafiri kutoka Tanja, nchini Moroko, jina lake Ibn Battuta, alishuka pwani hii kwa chombo cha tanga. Alipita kwanza Zeila, mji ulionuka samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni, hata akaona afadhali alale baharini ingawa bahari ilikuwa imechafuka. Akasafiri siku 15 nyingine, akafika Mogadishu, na hapo mambo yakawa mengine kabisa.

Chombo kilipokaribia, mashua ndogo zilitoka pwani kukilaki. Ndani yake walikuwamo vijana, na kila kijana alishika sahani iliyofunikwa. Alipanda chomboni, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja chakula kile, akasema: huyu ni mgeni wangu. Basi. Tangu hapo mfanyabiashara yule hakushukia nyumba nyingine ila ya kijana wake, isipokuwa kama alikuwa mwenyeji wa kuja na kurudi, anayewajua watu wa mji. Mwenye nyumba ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka. Na hapa msikilize vizuri: mtu akimpunja yule mgeni kwa bei ya chini mno, au akimuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara ile ilihesabiwa si halali. Sahani ile iliyofunikwa ilikuwa chakula, na ilikuwa pia ahadi ya ulinzi. Hilo napenda mlijue, kwa sababu watu wengi hudhani ukarimu ni tabasamu tu.

Ibn Battuta mwenyewe hakuja kuuza kitu. Alikuwa mwanachuoni wa sheria, na mwanachuoni alikuwa mgeni wa sultani. Akaletewa tambuu na popoo, akanyunyiziwa marashi, akapewa nyumba ya kulala. Halafu kikaja chakula, na kwa bahati yetu aliandika alichokula. Kwenye chano kikubwa cha mbao uliwekwa wali uliopikwa kwa samli. Juu yake bakuli za kitoweo: kuku, nyama, samaki, mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Na bakuli jingine la maziwa ya mgando, likiwa na achari ya ndimu, pilipili iliyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na embe. Mtu anakula tonge la wali, anafuatisha achari. Aliletewa mara tatu kwa siku, siku tatu mfululizo, na akashangaa jinsi mtu mmoja wa mji ule alivyokula chakula cha kundi zima la watu wa kwao.

Sasa shukeni nami Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, saa saba mchana. Kaeni kwenye benchi la mama ntilie yeyote, upande wa Mtaa wa Mkunguni au kule karibu na Msimbazi. Mtaona wali. Mtaona kuku, nyama, samaki, mchicha. Mtaona ndizi zilizopikwa kwa nazi, achari ya embe, kopo la pilipili. Karibu miaka 700 imepita, na chano cha Ibn Battuta bado kiko mezani. Samli imeipisha nazi, chano kimekuwa sahani ya bati, lakini angekaa hapo angejua aanze wapi.

Kitu kimoja tu kingemshtua: ukali wa ile pilipili. Aliyokula yeye ilikuwa pilipili manga, inayotoka Bara Hindi. Pilipili nyekundu na zile mbuzi zinazotutoa machozi zilikuwa bado bara la Amerika, ng'ambo ya bahari ambayo watu wa huku hawakuijua. Zililetwa na merikebu za Wareno baada ya Vasco da Gama kufika pwani hii mwaka 1498. Na hazikuja peke yake. Mahindi ya ugali wetu, muhogo, viazi vya chipsi, nyanya, nanasi, papai: vyote asili yake ni bara la Amerika, na vyote vilivuka bahari kwa tanga. Ndizi na mchele ni wa zamani zaidi, asili yake Asia, navyo vilikuja kwa tanga. Huko mashariki, kwenye visiwa vya Indonesia, mpaka leo wanatumia vyombo vyenye mikono miwili ya kuelea, ndugu kabisa wa ngalawa mnazoziona zikivua mbele ya Magogoni. Karafuu ya pilau ilipandwa Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19. Ukiondoa kila kilicholetwa na tanga, pale Kariakoo mama ntilie atabaki na mtama, mboga na samaki, na chipsi mayai mtazisahau.

Siwezi kuwaficha upande mwingine. Wageni wa tanga hawakuwa wema wote. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka Kilwa na kuipora, mji uleule ambao sultani wake alisifiwa na Ibn Battuta kwa kutoa sana. Na upepo wa kusi uliowarudisha wafanyabiashara makwao uliwachukua pia watu wetu, waliokamatwa bara, wakauzwa utumwani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba pwani ilikuwa karamu tupu. Ilikuwa na karamu na ilikuwa na minyororo, mara nyingine katika bandari moja.

Dar es Salaam ni mtoto mdogo katika hadithi hii. Kilwa ilipokuwa na misikiti ya mawe, hapa hapakuwa na mji. Baadaye kilikuwepo kijiji cha Mzizima, cha wavuvi na wakulima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliipenda bandari yake: mlango ni mwembamba, ukishaingia ndani maji yametulia, mawimbi ya bahari kuu hayakufikii. Akaanza kujenga. Na mji ule mpya aliufunguaje? Kwa kulisha wageni. Mwaka 1867 alifanya karamu kubwa, akawaita wawakilishi wa Waingereza, Wafaransa, Wajerumani na Wamarekani waje kuuona. Miaka mitatu baadaye Majid alifariki, na mji ukalala kwa muda mpaka Wajerumani walipoufanya makao yao makuu mwaka 1891.

Majahazi hayakusubiri serikali yoyote. Mpaka leo lipo gati lao upande wa mji, si mbali na boti za kwenda Zanzibar. Boti zile hufika Unguja kwa kama saa mbili. Jahazi lina mwendo wake; mengi siku hizi yana injini, lakini mlingoti upo na tanga lipo, na nahodha mwenye akili hachomi dizeli upepo ukiwa mzuri. Yanakwenda Unguja, Pemba, Mafia, Kilwa. Na ndani yake yako mapishi ambayo ningependa kila mtoto wa mjini ayaone mara moja.

Jiko la jahazi ni sanduku la mbao lililojazwa mchanga. Mchanga ndio unaozuia moto usiile sitaha. Juu yake mafiga au jiko la mkaa, na ukingo wa kuzuia upepo. Mpishi mara nyingi ni baharia mdogo kuliko wote, kijana anayejifunza kazi. Hana friji, basi anajua nini kinadumu: mchele, vitunguu, ndimu, chumvi, mkungu wa ndizi mbichi unaoiva kidogo kidogo safari ikiendelea. Na nazi. Nazi ni rafiki mkubwa wa baharia, maana imefungwa na Mungu mwenyewe. Hukaa wiki nyingi bila kuharibika, haimwagiki chombo kikiyumba.

Tazameni anavyofanya. Anaivunja nazi kwa kisogo cha panga, anakaa juu ya mbuzi, anaikuna. Machicha anayatia maji ya vuguvugu, anayakamua, anachuja: hilo ni tui zito, analiweka kando. Anatia maji tena na kukamua tena: hilo ni tui jepesi. Samaki, pengine changu waliovuliwa asubuhi ileile kwa mshipi, wanachemka kwanza katika tui jepesi pamoja na kitunguu, bizari na ndimu. Tui zito linaingia mwishoni, na hapo kijana haondoki. Anakoroga taratibu upande mmoja mpaka lichemke, kwa sababu akizubaa litakatika, mafuta yatajitenga na maji, na serahangi, mkuu wa mabaharia, atamtazama kwa jicho ambalo hatalisahau. Wali ukiwa tayari unamwagwa kwenye sinia, samaki katikati, na watu wote wanakaa chini kulizunguka. Nahodha haletewi sahani ya peke yake.

Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, aliishi maisha haya mwaka 1938 na 1939. Alikuwa baharia wa merikebu kubwa za matanga za Ulaya, akaomba kusafiri na jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Wakashuka na kaskazi kutoka Aden, wakapita Mogadishu, Lamu, Mombasa, Zanzibar, halafu kusini ya hapa petu mpaka kwenye matope ya delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Safarini alikaa sitahani na kula kwa mkono kwenye sinia moja na wenzake wa chomboni. Aliandika kitabu kizima juu yao, kwa heshima, wakati ambapo Wazungu wengi waliwadharau watu wa majahazi. Nadhani sinia lilikuwa na sehemu yake katika heshima ile. Ni vigumu kumdharau mtu mnayechota naye wali mmoja kila siku.

Wageni wa tanga wapo hata sasa, wa aina nyingine. Hutoka Ulaya, Australia, Afrika Kusini, mara nyingi mke na mume tu, kwenye mashua zao nyeupe, na hutia nanga Msasani. Wanaotoka Madagaska na Komoro husukumwa na kusi hiihii ya babu zetu. Kuna wakati walipotea kabisa, kwa sababu ya maharamia wa Somalia. Oktoba 2009 mke na mume Waingereza waliotoka Shelisheli kuja Tanzania walitekwa baharini, wakashikiliwa zaidi ya mwaka mmoja. Usalama ulipotengemaa, mashua zikaanza kuonekana tena.

Baharia wa mashua hizo aliyekula vyakula vya kopo wiki tatu akiingia Kariakoo hushikwa na wazimu wa furaha. Jengo la soko lilichorwa na msanifu wetu Mtanzania Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake ni la zege lililosimama mithili ya miavuli mikubwa iliyopinduliwa ili kukinga maji ya mvua. Liliungua Julai 2021, usiku mmoja wa huzuni kwa mji mzima, na kazi ya kulikarabati ikafuata. Lakini soko halikuwahi kuwa ndani ya jengo tu. Limemwagika mitaani: Kongo, Sikukuu, Nyamwezi, Narung'ombe. Mchele wa Kyela, viazi vya Mbeya, machungwa ya Muheza, nazi za Mafia. Kamba za nanga na turubai pia zipo, kwa hiyo baharia wa jahazi na baharia wa mashua nyeupe hukutana duka moja.

Hapo ndipo mgeni anapoupata mji wetu. Msukumano ni mkubwa, wezi wa mifukoni wapo, na mwenye mkokoteni hamsubiri mtu: anapiga kelele "pisha, pisha!" na wewe unaruka. Lakini mgeni akisimama amebabaika na kikapu chake, haipiti dakika mtu anamuuliza anatafuta nini. Muuza vitunguu atamwachia mzigo jirani amwangalizie, ampeleke mwenyewe mpaka kwa muuza tangawizi, mtaa wa pili, kisha arudi kwenye meza yake. Hadai chochote kwa safari ile. Ni yule kijana wa Mogadishu mwenye sahani iliyofunikwa: amekwisha kusema moyoni, huyu ni mgeni wangu.

Na kwa mama ntilie mazungumzo huwa hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Nikupe nini?"

"Wali samaki, mama."

"Wali wa nazi au wa kawaida?"

"Wa nazi."

"Huyu mwenzako mgeni? Anakula pilipili?"

"Kidogo, mama, hajazoea."

"Basi namwekea pembeni. Akitaka atachovya mwenyewe."

Kijana anapitisha jagi la maji na beseni, mgeni ananawa. Sahani inakuja na maharage, mchicha na kipande cha tikiti, hata kama hakuviagiza. Akimaliza mchuzi, anaongezewa bila kuulizwa bei. Mtu anayepita akitazama sahani yake, mgeni anapaswa kusema "karibu", na mpita njia atajibu "asante, endelea". Wageni wengi hulipenda hilo kuliko chakula chenyewe: kwamba mjini kuna watu mamilioni, na bado ukila unamkaribisha usiyemjua.

Mkitaka kuyaona majahazi kwa macho, nendeni na mtu mzima siku isiyo ya shule. Pandeni mwendokasi mpaka Kivukoni, mshuke mapema, kabla jua halijakuwa kali. Soko la samaki liko hapo hapo, na wanaouza pweza wa kuchemsha wapo pia. Mkifika kwenye gati la majahazi, msipande chomboni bila ruhusa. Simameni, semeni "shikamoo nahodha", muulizeni kaskazi imekaaje mwaka huu. Atawajibu kirefu, mabaharia hawachoki kuulizwa habari ya upepo. Wakiwa wanakula watasema "karibuni tule", na mkiambiwa mara ya pili msijitetee kwamba mmeshiba. Naweni mikono, kaeni panapoachwa nafasi, muanze kwa bismillahi au kwa sala yenu, na mchote upande ulio mbele yenu tu. Msinyooshe mkono mpaka katikati kwenye samaki. Mwenye chombo atamchambua miba na kuwasogezea.